Dagaa wa Kigoma, dagaa wa Mwanza, usipa: geuza tumbo uone

Kila nikiweka picha ya dagaa lazima atokee mtu wa kuniambia "dagaa ni dagaa tu, tofauti ni ziwa na bei". Hapana jamani. Dagaa wa Kigoma na dagaa wa Mwanza sio samaki mmoja aliyegawana maziwa, hata ukoo hawashei, ukifuata nasaba yao huyu wa Kigoma anakaa na saradini wa baharini na huyu wa Mwanza anakaa upande wa kina ningu na mbasa, samaki wa maji baridi wasio saradini. Wote wadogo, wote wanang'aa, wote wanafuata taa usiku na wote wanaishia kuanikwa juani, ndo maana tukawapa jina moja tukaendelea na maisha. Af kizungumkuti kingine ni kwamba hata hao wa Kigoma wenyewe wako wawili, na hao sasa ndo ndugu kwelikweli na ndo wanaosumbua kuwatofautisha. Leo nataka niandike vyote ninavyoangalia, kwasababu nimechoka kujibu mmoja mmoja inbox.

Mi nimekulia Ujiji, nyumbani tumesomeshwa na dagaa, sa hivi niko Dar na kazi yangu ya mchana haihusiani kabisa na samaki. Ila dagaa siwezi kuwaacha, nikipita sokoni lazima nishike.

Tuanze na rahisi, Kigoma na Mwanza.

Chukua dagaa wako wakavu, watumbukize kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu mpaka walainike, usiharakishe kwasababu mkavu ukimlazimisha anavunjika. Akishakuwa laini mlaze ubavu kwenye sahani nyeupe. Sasa pitisha kucha tumboni, anzia nyuma kwenye tundu la haja uje mbele kuelekea kooni. Dagaa wa Kigoma utasikia kucha inakwama kwama, inakwaruza, maana katikati ya tumbo ana safu ya magamba magumu yaliyochongoka yanaelekea nyuma, kama msumeno mdogo. Hiyo ni alama ya ukoo wa saradini, hata saradini wa baharini wa soko la Feri hapa Dar ukimgeuza utaikuta tena kubwa zaidi. Dagaa wa Mwanza tumbo lake kucha inateleza tu moja kwa moja, hakuna kitu. Ukipitisha kutoka mbele kwenda nyuma hutosikia chochote kwa yeyote kati yao, kwahiyo usije ukaniambia umejaribu imegoma, jaribu upande sahihi.

Cha pili, pezi la mgongoni. Hili halihitaji hata maji, macho tu yanatosha. Wa Kigoma pezi lake liko katikati ya mgongo, karibu juu ya yale mapezi mawili ya tumboni. Wa Mwanza pezi limerudi nyuma sanaaa, liko usawa wa lile pezi la chini lililo karibu na mkia, ukimtazama unaona mgongo mtupu mrefu kuanzia kichwani alafu ndo pezi linakuja kwa kuchelewa. Dagaa mkavu mapezi huwa yamekatika, najua, ila shina la pezi linabaki, tafuta kale kakovu kenye vijiti vifupi vifupi.

Na cha tatu kwa wenye macho mazuri au simu yenye kamera ya maana: wa Mwanza ana kamstari ka vitundu ubavuni, hakapiti katikati, kameshuka chini karibu na tumbo na kanaenda hivohivo mpaka kwenye shina la mkia. Wa Kigoma hana mstari huo mwilini. Ana ule mkanda wa fedha unaong'aa ubavuni lakini huo ni rangi tu, sio mstari wa vitundu.

Kwa wanaopenda majina ya kitaalam, wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, huyohuyo Wakenya wanamwita omena na Waganda wanamwita mukene. Kwahiyo mabishano ya omena na dagaa wa Mwanza nani mtamu ni mabishano ya upishi, samaki ni yuleyule, ziwa ni lilelile. Yupo na Ziwa Kyoga pia.

Sasa kuna siku niko soko moja hapa mjini, mama mmoja kamwaga dagaa kwenye turubai, kilima kizuri kabisa. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu, Kigoma hao, hawana mchanga." Nikaokota mmoja, nikamgeuza. "Mama, hawa mbona wa Mwanza." Akaniangalia. "Umejuaje?" Nikamwambia pezi liko nyuma. Mama akacheka mpaka wenzie wakageuka, "We baba, pezi ndo unalipikia? Wateja wa siku hizi wanataka kusikia Kigoma, mi nawaambia Kigoma, na wanaenda kula wanashiba." Nikanunua, kwa bei ya Mwanza lakini. Tukaelewana vizuri tu na mpaka leo nikipita ananiita mzee wa pezi.

Simlaumu sana, bei ya Kigoma iko juu na wateja wanalipia jina. Ila mwaka 2024 ndo nilishangaa zaidi. Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu, ili samaki wapumzike wazaliane, na bado Dar nzima "Kigoma" walikuwa wamejaa tele. Sawa, wengine walikuwa stoo, dagaa mkavu anakaa. Lakini wale wote? Nenda kapitishe kucha.

Usipa nao tuwaseme kidogo. Hawa ni wa Ziwa Nyasa, Engraulicypris sardella, watu wa Kyela na Mbamba Bay wanawajua vizuri. Wanauzwa sana kama dagaa wa Nyasa, na kwa kucha hautamtofautisha na wa Mwanza maana wote tumbo laini na wote pezi liko nyuma, hawa ndo wako upande mmoja wa ukoo. Mi naangalia umbo: usipa ni mrefu mwembamba, amenyooka, akikua anaweza kufika hata sentimita 13, wakati wa Mwanza ni mfupi, bapa zaidi ubavuni, na wengi wanaofika sokoni hawavuki kidole. Lakini usipa mchanga na dagaa wa Mwanza aliyekomaa wakiwa wakavu wamejikunja, ukiniuliza nitakujibu "muulize aliyeleta", siwezi kuapa. Kwa mezani mi usipa namuweka juu ya wa Mwanza. Wa Mbamba Bay wasianze kushangilia, Kigoma bado iko namba moja.

Haya, tuje kwenye utamu wenyewe. Wale wawili wa Ziwa Tanganyika.

Mmoja anaitwa Stolothrissa tanganicae, mwingine Limnothrissa miodon. Wote saradini, wote wana tumbo la kukwaruza, wote pezi katikati, wote wanavuliwa usiku kwa karabai au siku hizi taa za sola, na mwezi ukiwa mkubwa wote hawapatikani vizuri kwasababu taa yako haina maana tena mbele ya mbalamwezi. Nyumbani wote tuliita dagaa, basi. Wazambia nao wote wanawaita kapenta. Warundi ndo wametuzidi, yule mwembamba, Stolothrissa, ni ndagala na yule mnene, Limnothrissa, ni lumbu, wana majina mawili na wanayatumia. Alafu unajua wametokea wapi? Hakuna mto kutoka bahari ya Hindi uliowaleta. Utafiti wa vinasaba unaonyesha ndugu zao wa karibu ni saradini wa maji baridi wa Afrika Magharibi, kwamba mababu zao waliingia bara kutokea baharini upande wa huko mamilioni na mamilioni ya miaka iliyopita wakazoea maji yasiyo na chumvi. Kwahiyo dagaa wetu wa Kigoma kwa asili ni mgeni wa magharibi.

Ninavyowagawa mimi nikiwa na fungu la wabichi mbele yangu: naanza na unene. Ndagala amechongwa, mwembamba, mwili wake kutoka mgongoni mpaka tumboni ni mdogo ukilinganisha na urefu. Lumbu ana kifua, ana mwili, ukiwashika wawili wa urefu mmoja mkononi huyu anajaza vidole zaidi. Hili mtu akishaonyeshwa mara mbili tatu kwa wabichi linamkaa kichwani, ila kwenye wakavu linapotea maana jua linawakausha wote wanakuwa vijiti.

Urefu unasaidia upande mmoja tu. Ndagala mwisho wake ni kama sentimita 10, hapo kazeeka. Lumbu anaweza kwenda mpaka 17. Kwahiyo ukiona dagaa wa Tanganyika mwenye sentimita 13 usipoteze muda, huyo ni lumbu. Lakini ukimuona wa sentimita 6 urefu hautakwambia kitu, anaweza kuwa ndagala mkubwa tu au lumbu bado mtoto, na hapo ndo watu wengi wanajichanganya, wanadhani wadogo wote ni aina moja na wakubwa wote ni aina nyingine.

Kinachonisaidia kuliko vyote ni kuuliza wamevuliwa wapi na kwa nyavu gani. Ndagala ni samaki wa ziwa wazi, anaishi huko katikati na kuzaa anazaa hukohuko kwenye maji. Lumbu akitaka kuzaa anasogea kando, kwenye mchanga wa ufukweni, na watoto wake wanakulia kandokando mpaka wachangamke ndo wanaingia ndani. Sasa fikiria mwenyewe, mtu akivuta kokoro ufukweni, ule wavu mrefu wa kukokota, hilo kokoro lenyewe ni haramu lakini tunajua linavutwa, wale dagaa wadogo wadogo wanaotoka pale kwa sehemu kubwa ni watoto wa lumbu. Anawauza kama "dagaa laini", na kweli ni laini, kwasababu ni watoto. Vyombo vilivyotoka ndani na taa usiku ndo vinaleta ndagala kwa wingi, na humo humo lumbu wakubwa kidogo wamechanganyika, pamoja na migebuka, wale samaki wakubwa zaidi wa Tanganyika, maana mgebuka naye chakula chake kikuu ni huyohuyo ndagala, anamfuata kila anakoenda.

Na tumbo linasema. Ndagala anakula vidudu vya majini vidogo mno, ukimpasua unakuta uji tu wa kijivu au wa rangi ya chungwa. Lumbu akiwa mdogo hivohivo, ila akikua anakuwa jambazi, anakula uduvi, anakula vitoto vya ndagala, anakula mpaka vitoto vya kwake mwenyewe. Kuna mmoja nilimfungua kwa wembe juu ya gazeti, mkubwa mnene, mbichi, tumbo limejaa, nikalisukuma kwa ncha ya sindano taratibu likatoka fungu la uzi uzi mweupe, nikadhani minyoo, kuwasha tochi ya simu nikaona kila kauzi kana vidoti viwili vyeusi mwishoni. Macho. Vilikuwa vitoto vya samaki, vimelala vyote upande mmoja, vichwa kwa vichwa. Ndagala huwezi kumkuta na mzigo huo.

Wataalam wenyewe hawahangaiki na unene, wanaweka chini ya darubini wanaangalia taya la juu na vile vichanio vya ndani ya matamvua vinavyochuja chakula. Mi darubini sina. Na kwa vifaranga kabisa, vile vya milimita, hata mwenye darubini anakuna kichwa.

Hili la vifaranga sio stori ya pembeni, lilishatokea kwa ukubwa kabisa. Ziwa Kivu zamani halikuwa na samaki wa kula vidudu vya maji ya katikati, kulikuwa na chakula kingi kimekaa bila mlaji. Kati ya mwaka 1958 na 1960, Wabelgiji bado wako Congo na Ruanda-Urundi, wakasomba vifaranga vya dagaa kutoka Tanganyika wakavimwaga Kivu. Vilikuwa vya aina zote mbili vimechanganyika. Ziwa likachagua lenyewe, ndagala hakushika, lumbu akashika. Ukiijua tabia yake haishangazi sana, huyu anazalia kandokando, anakula chochote, na Kivu huko chini kumejaa gesi hakuna hewa ya kuishi samaki, sehemu inayokalika ni ya juu tu. Ilichukua miaka, uvuvi wa maana ulikuja kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1970, na leo huyo ndo sambaza wa Bukavu na Goma, ndo isambaza wa Rwanda, wanaovuliwa na ile mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Kwahiyo ndugu zangu wa Bukavu mnaposema sambaza hawafanani na dagaa wa Kigoma mko sawa na hamko sawa: ni mmoja wa wale wawili, yule mnene, ila kakosa mwenzie.

Tena siku hizi Kivu mtaona samaki mwingine ndani ya sambaza, mwembamba, ana vidoti vya bluu vinavyometameta ubavuni na pezi la chini refu. Huyo sio sambaza aliyebadilika rangi. Ni Lamprichthys tanganicanus, naye katokea Tanganyika, alionekana Kivu mwaka 2006, na huko Ulaya watu wanamfuga kwenye matangi ya vioo kwa uzuri wake.

Kariba nako ni hivohivo. Lile bwawa la Zambia na Zimbabwe walimwaga lumbu mwaka 1967 na 1968, akashika, akateremka na mto Zambezi mpaka Cahora Bassa Msumbiji bila kupelekwa na mtu. Lakini Kariba hakui, wanaovuliwa ni wadogo dogo, ukiwaweka karibu na lumbu wa Kigoma utaapa ni aina nyingine kabisa. Ndo maana nasisitiza urefu usiutegemee. Samaki yuleyule, bwawa tofauti, saizi nyingine. Angalia unene kwa urefu, angalia tumbo, uliza nyavu.

Kuna mtu aliniuliza sasa mlaji inamsaidia nini kujua huyu ndagala huyu lumbu, wakati bei moja na sufuria moja. Mlaji kwa kweli haimsaidii sana, mi nadhani ndagala ni mtamu zaidi na lumbu mkubwa ana mifupa inayoanza kusumbua, lakini hayo ni mambo ya ulimi. Linalosaidika ni ziwa. Hawa wawili hawazai mahali pamoja, kwahiyo ukisema "dagaa wamepungua" na hujui ni yupi, utafunga nini? Ukilinda ufukwe unamlinda lumbu, ndagala yeye haumgusi, shida yake iko huko ndani kwenye mataa. Na mzani wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, unaandika neno moja tu, dagaa, kilo kadhaa.

Mambo mawili ya wa Mwanza nimalizie, maana nao wana vituko vyao. Kwanza fungu la Mwanza mara nyingi lina furu wadogo ndani. Furu anatambulika haraka, pezi lake la mgongoni ni refu linakwenda mgongo mzima na mbele lina miiba, ukimshika anachoma, dagaa hana mwiba wowote mgongoni. Kuna watu wanamtoa, mi namuacha, anatia mchuzi ladha. Pili yule mnyoo mweupe bapa mnayemkuta tumboni mnaanza kupiga kelele, anaitwa Ligula, ni mnyoo wa samaki, anamkaa dagaa mpaka tumbo linavimba na samaki anashindwa hata kutaga. Usipa pia anaye. Ndo maana ukiwa unapima unene usipime dagaa wa Mwanza mwenye tumbo la mviringo ukasema umepata aina mpya, fungua kwanza.

Wanaonitumia picha niwatambulie, tafadhali: samaki mmoja mmoja, sio kilima. Mlazeni ubavu, kichwa kushoto, kwenye kitu cheupe, mapezi yanyooshwe kwa kijiti, rula iwe pembeni, na picha ya pili ya tumbo kwa karibu. Na mniandikie mmempata wapi, sio mliambiwa ni wa wapi.